Namna ya kukadiria hali ya hewa ya Kilimanjaro ukiwa bado Moshi: mwongozo kwa anayepanda mara ya kwanza

Maswali yanayotufikia sisi tunaofanya kazi za mlimani hapa Moshi ni yale yale kila msimu: mwezi gani hauna mvua, kileleni kuna baridi kiasi gani, na je, safari iahirishwe kwa kuwa mlima haujaonekana tangu Jumatatu? Anayeuliza hutarajia jibu la neno moja, nalo halipo, kwa sababu mlima ulioinuka kutoka kwenye tambarare za mpunga na miwa hadi kwenye barafu hauwezi kuwa na hali ya hewa moja. Mwongozo huu utakuwezesha kujitengenezea jedwali la ukurasa mmoja litakaloonyesha, kwa kila kituo utakachofikia, joto la wastani, joto la usiku, uwezekano wa mvua na nguvu ya upepo.

Umeandikwa kwa Mtanzania anayepanda kwa mara ya kwanza, iwe kwa likizo au katika safari za kuadhimisha Uhuru mwezi Desemba, na pia kwa kijana anayeanza kazi ya upagazi ambaye wenzake wagumu (yaani wapagazi) bado hawajapata nafasi ya kumweleza haya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ratiba ya safari yako kutoka kwa kampuni, yenye majina ya kambi zote na kimo cha kila moja. Kama ratiba haionyeshi kimo, omba kionyeshwe.
- Ramani ya mlima yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja.
- Kipimajoto cha kawaida cha hewa. Kile cha kupimia homa hakifai.
- Daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi hugoma kwenye baridi kali.
- Simu yenye programu ya kupima kimo, pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.
- Mahali pa kuutazama mlima bila kizuizi. Paa la nyumba ya ghorofa au uwanja wowote uliofunguka kuelekea kaskazini unatosha.
- Muda wa wiki moja kabla ya safari.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Hali ya hewa ya Kilimanjaro huamuliwa na mambo matatu: kimo ulichofikia, upande wa mlima ulipo, na saa ya siku. Mwezi huja wa nne. Watu wengi huanza na mwezi na kuishia hapo, ndiyo maana hufika kambi ya Horombo na nguo za Moshi.

Hatua ya 1: Andika vituo vyako na kimo chake

Chora jedwali lenye safu sita: kituo, kimo, joto la wastani, joto la usiku, mvua, upepo. Anza na Moshi mjini, ambao uko takriban mita 850 juu ya usawa wa bahari, kisha panda kituo kwa kituo. Anayepita njia ya Marangu ana bahati ya hesabu nyepesi, maana Mandara iko takriban mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibanda cha Kibo 4,720, yaani kila kituo kimeuzidi kilichotangulia kwa mita 1,000. Anayepita Machame ataandika kambi ya Machame karibu mita 3,000, Shira karibu 3,840, Barranco karibu 3,960, Karanga karibu 4,000 na Barafu karibu 4,670. Asisahau kuandika Lava Tower, karibu mita 4,600, ambayo hupitiwa mchana kabla ya kushuka Barranco. Mstari wa mwisho kwa wote ni Kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Angalizo: usichanganye vilele. Kibo ndicho chenye Kilele cha Uhuru. Mawenzi, chenye miamba iliyochongoka upande wa kulia ukitazama kutoka Moshi, kina mita 5,149 na hakipandwi na mtalii wa kawaida. Shira, upande wa kushoto, ni mabaki ya volkano kongwe iliyobomoka na kuacha uwanda mpana.

Hatua ya 2: Kokotoa joto la wastani la kila kituo

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi joto 6 za Selsiasi. Tafuta wastani wa joto la Moshi kwa kujumlisha joto la juu kabisa la mchana na la chini kabisa la usiku, kisha kugawa kwa mbili. Pima kivulini, mahali penye hewa, kwenye kimo cha kifua. Kipimajoto kilichoning'inizwa juani au kwenye ukuta wa matofali yaliyochomwa na jua kitakudanganya.

Tuseme umepata wastani wa nyuzi 24. Mandara iko juu ya Moshi kwa mita 1,870, hivyo unaondoa takriban nyuzi 11 na kubaki na 13. Horombo unabaki na 7. Kibanda cha Kibo unabaki na 1. Kileleni, ambako tofauti ni zaidi ya mita 5,000, unaondoa nyuzi 30 na kupata nyuzi 6 chini ya sifuri. Hesabu hii ya daftari si ya kubeza, kwani vipimo vilivyochukuliwa kwa miaka mingi kwenye barafu ya Kibo vinaonyesha wastani wa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Palipo na kasoro ni ukanda wa msitu, ambako ukungu na unyevu hulifanya joto halisi liwe chini ya ulilokokotoa. Punguza nyuzi mbili hapo.

Hatua ya 3: Tenganisha mchana na usiku

Hapa ndipo wengi hukosea. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tofauti kati ya Januari na Julai si kubwa ukiilinganisha na tofauti kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri ya siku moja. Juu ya mita 4,000 hewa ni nyepesi na kavu, haina mawingu ya kuhifadhi joto la ardhi, na jua likizama joto huporomoka ndani ya muda mfupi sana. Kwa kambi zilizo juu ya kimo hicho, ondoa nyuzi 6 hadi 10 kutoka kwenye wastani wako ili kupata joto la usiku. Kibanda cha Kibo kilichokuwa na wastani wa nyuzi 1 kitashuka hadi chini ya sifuri karibu kila usiku wa mwaka, iwe kiangazi au kipupwe. Kileleni kabla ya mapambazuko, nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na usiku mbaya hushuka zaidi ya hapo.

Mchana mambo hugeuka. Mtu anayetembea Horombo saa sita adhuhuri bila wingu atavua koti na kubaki na fulana, huku ngozi yake ikiungua bila yeye kuhisi, kwa kuwa miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ngozi nyeusi nayo huungua. Hili nalisema kwa sababu kila mara yupo anayebisha, naye huteremka na midomo iliyopasuka.

Hatua ya 4: Jaza safu ya mvua kwa kufuata kimo

Usidhani kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyoongezeka. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Msitu wa upande wa kusini, hasa kwenye kimo cha mita 2,000 na ushei, hupata zaidi ya milimita 2,000. Kuanzia hapo mvua hupungua tena: Kibanda cha Kibo hupata takriban robo ya ile ya msituni, na kileleni ni kukavu zaidi, kwa maana mawingu mengi huishiwa na maji kabla ya kufika huko. Ndiyo sababu ukivuka mita 4,000 unakuta jangwa la mawe na vumbi ingawa uko kati ya msitu uliolowa chini na barafu juu.

Kwa vitendo, koti la mvua hukaa juu kabisa ya mkoba siku ya kwanza na ya pili, na kitambaa cha kuziba pua dhidi ya vumbi huchukua nafasi yake siku ya kwenda Kibanda cha Kibo au kambi ya Barafu.

Hatua ya 5: Weka mwezi na upepo wake

Sasa ndipo mwezi unapoingia. Masika huanza Machi na kuishia Mei, Aprili ikiwa kilele chake. Mvua hiyo hulowesha zaidi miteremko ya kusini na kusini-mashariki, yaani Machame, Umbwe na Marangu. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi hutawala: juu ni kukavu, usiku ni wa baridi kuliko miezi mingine, na mji wa Moshi hufunikwa na wingu zito linaloweza kukaa siku nyingi mfululizo. Oktoba huwa ya mpito. Vuli huja Novemba na kuingia Desemba, mvua zake zikiwa fupi lakini zenye radi. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, asubuhi huwa safi na joto ni la juu kidogo, ingawa theluji ya vuli huweza kuwa imebaki kileleni.

Nikiulizwa nichague, huchagua mwisho wa Januari na Februari kwa anayeogopa baridi, na Septemba kwa anayeogopa mvua. Julai na Agosti hupendwa na wageni kwa sababu ya likizo zao, si kwa sababu mlima una fadhila ya pekee wakati huo. Desemba 9, siku ya Uhuru, inaangukia kwenye mkia wa vuli. Anayekwenda kuadhimisha na aandike “mvua” kwenye mistari yote iliyo chini ya mita 4,000 bila kujadiliana na nafsi yake, na “theluji huenda” kwenye mstari wa mwisho.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa upande wa mlima

Njia ya Rongai hupanda kutoka kaskazini, upande uliokingwa na mvua, kwa hiyo punguza kadirio la mvua, hasa wakati wa masika. Katika vuli nafuu hiyo hupungua, kwa kuwa unyevu huja na pepo za kaskazini-mashariki. Kumbuka pia kwamba wanaopanda Rongai kwa kawaida huteremkia Marangu, hivyo siku ya mwisho watapita kwenye msitu uliolowa kama watu wengine wote.

Hatua ya 7: Yasome mawingu kutoka Moshi kwa wiki nzima

Hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na haigharimu chochote. Utazame mlima mara nne kwa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne, saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni. Andika kama Kibo inaonekana yote, nusu, au haionekani, na wingu liko chini, katikati au juu.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Alfajiri kilele huwa wazi, kwa kuwa usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani na kuyasukuma mawingu chini. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu kutoka mashambani huanza kupanda, na kufikia saa nne au saa tano msitu huwa umejifunika. Mchana wingu hilo hupanda hadi Horombo, wakati mwingine hadi Kibo. Jioni hulegea na kilele hutokeza tena. Ukiona siku tatu mfululizo za namna hii, jedwali lako linaweza kuaminiwa.

Wingu la kipupwe lisilofunguka siku nzima, lenye manyunyu kidogo au lisilo na mvua kabisa, ndilo linalowatia watu hofu bila sababu. Mara nyingi uso wake wa juu huishia kwenye mita 2,500 hadi 3,000, na waliolala Horombo wanaota jua huku wakilitazama kutoka juu. Usiahirishe safari kwa sababu yake. Njia ya uhakika ni kumwuliza mpagazi aliyeteremka jana, au kusubiri getini wanaotoka na kutazama nyuso zao: waliochomwa na jua hawakuwa mvuani.

Kofia ya wingu laini iliyotulia juu ya Kibo, isiyosogea ingawa mawingu mengine yanakwenda, ina maana nyingine. Huko juu upepo ni mkali, na hewa yenye unyevu imefika kileleni. Andika “upepo mkubwa” kwenye mistari miwili ya mwisho.

Mawingu marefu yenye radi alasiri, yakifuatwa asubuhi na weupe ulioteremka hadi kwenye tandiko, yaani uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, ni dalili ya dhoruba. Theluji mpya iliyo chini ya mita 5,000 mara nyingi huyeyuka ndani ya siku moja au mbili jua likitoka, lakini ile ya juu hubaki, na suruali isiyopitisha maji pamoja na vikinga viatu hugeuka kuwa lazima.

Angalizo kuhusu barafu yenyewe: picha za kalenda za zamani zisikupe matarajio ya uongo. Kati ya mwaka 1912 na 2011 Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Njia za kawaida hazikanyagi barafu ya kudumu. Utaiona kushoto kwako, kwenye mteremko wa kusini, unapotembea kutoka Stella, kwenye ukingo wa kreta, kwenda Uhuru.

Hatua ya 8: Linganisha na utabiri, ukihakikisha kimo chake

Kabla ya kuamini namba yoyote kwenye simu, tafuta imetolewa kwa kimo gani. Utabiri ulioandikwa “Kilimanjaro” tu mara nyingi ni wa uwanja wa ndege wa KIA au wa mkoa kwa jumla, na ukiona nyuzi 27 ujue hausemi lolote kuhusu kilele. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utumie kujua kama mvua za msimu zimeanza au zimechelewa, kisha joto lake ulihamishie mwenyewe kwenye kimo chako kwa hesabu ya hatua ya 2.

Hatua ya 9: Ongeza upepo kwenye baridi

Kipimajoto hakipimi upepo, mwili hupima. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi isiyofunikwa ipoe kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mstari wa kilele, vaa kwa kufuata namba hiyo ya pili. Vidole, masikio na pua ndivyo huumia kwanza.

Hatua ya 10: Geuza jedwali liwe saa na mzigo

Safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku kwa sababu tatu: changarawe iliyoganda hukanyagika vizuri kuliko iliyolegea, upeo wa macho huwa safi alfajiri, na unakuwa umeshuka kabla mawingu ya mchana hayajakukuta. Panga kila siku ufike kambini kabla ya saa tisa alasiri.

Kanieneo ya hewa kileleni ni karibu nusu ya ile ya pwani. Hilo hubadili hata jikoni: Kibanda cha Kibo maji huchemka kwenye takriban nyuzi 85, kwa hiyo usipange maharage makavu huko. Maji ya kunywa yawekwe kwenye chupa yenye mdomo mpana, igeuzwe kichwa chini ndani ya soksi, kwa maana barafu huanza kujijenga juu ya maji. Mirija ya kunyonyea huziba usiku wa kilele.

Mambo yakienda kinyume

*Mlima haujaonekana wiki nzima.* Kama ni Juni hadi Agosti, endelea. Kama ni Aprili au Novemba, zungumza na kiongozi wako kuhusu kubadili njia au kusogeza tarehe.

*Utabiri wa simu mbili unatofautiana.* Kwa kawaida vimo ndivyo vinavyotofautiana. Ukikuta vinalingana, jiandae kwa ule mbaya.

*Joto la kambini liko chini ya jedwali kwa nyuzi tano au zaidi.* Angalia kama kambi iko bondeni. Hewa baridi hutiririka usiku na kutuama kwenye mabonde, na Barranco hujulikana kwa hilo. Sogeza hema mahali palipoinuka kidogo.

*Radi inakukuta kwenye nyasi na vichaka juu ya msitu.* Teremka kutoka kwenye mgongo wa mlima hadi mahali pa chini, weka fimbo za chuma mbali nawe, na wanakikundi waachane kwa hatua kadhaa badala ya kusongamana.

*Mwenzako anasema ni baridi tu.* Kuumwa kichwa kusikopoa, kutapika, kuyumba au kukohoa huku akikosa pumzi hata akiwa amekaa si dalili za hali ya hewa, ni ugonjwa wa mwinuko. Usimwongezee blanketi na kusubiri kupambazuke. Mjulishe kiongozi na ateremshwe mara moja.

*Simu inazimika ingawa ilikuwa na chaji.* Betri hulegea kwenye baridi. Ibebe ndani ya nguo, karibu na mwili, na usiku ilale nawe kwenye mfuko wa kulalia.

*Kipimo cha kimo kinaonyesha kuwa umepanda ukiwa umelala.* Saa nyingi za mkononi zinazopima kimo hukikadiria kwa kanieneo, nayo hupanda na kushuka kila siku bila wewe kusogea. Kirekebishe kila ufikapo kambini kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye kibao cha hifadhi, ndipo uanze hatua ya siku inayofuata.